Kuchoma si kumaliza: zebaki kwenye kliniki za meno

Nimelisikia tena, na safari hii kutoka kwa daktari mwenzangu wa meno ninayemheshimu: "Sisi kwetu hatuna tatizo la mazingira. Kila kitu tunakichoma." Aliyasema hayo mbele ya vijana waliokuja mafunzoni, nao wakayaandika kwenye madaftari yao. Nikaona heri na mimi niandike.

Kuchoma kunaua vijidudu. Pamba yenye damu, glovu, jino lililooza, vyote vikipita kwenye moto mkali havimwambukizi mtu tena, na hapo hatubishani. Lakini zebaki iliyomo kwenye amalgamu, ule mchanganyiko wa metali wa kuzibia meno, si kijidudu. Ni elementi, na moto hauigeuzi kuwa kitu kingine, unaihamisha tu. Huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi. Insinereta, yaani tanuri la kuchomea taka, ya matofali yenye bomba refu, kama zile zilizo nyuma ya vituo vingi vya afya nchini Tanzania, ikiwashwa inavyotakiwa hupita nyuzi 800, na bomba lake halina chujio la kunasa mvuke wa metali. Ukitupa humo mabaki ya amalgamu, kinachobaki kwenye majivu ni fedha, bati na shaba. Zebaki, ambayo ni kama nusu ya uzito wote, imeshatoka na moshi.

Anayeona natia chumvi aangalie Uingereza. Kule matanuri ya kuchomea maiti yalitungiwa masharti ya kunasa zebaki kwa sababu ya meno yaliyozibwa. Marehemu mmoja huenda ana meno machache tu ya amalgamu, na bado ilionekana ni kiasi cha kuwekewa kanuni. Sisi tunachoma mabaki ya wagonjwa wa mwezi mzima kwa mkupuo.

Moshi ule hauishii angani. Sehemu hushuka karibu, sehemu husafiri mbali kwa miezi, na mwisho wake mwingi ni majini. Kwenye tope lisilo na hewa, kama lile la chini ya mikoko yetu hapa Tanga, bakteria huigeuza kuwa methili ya zebaki, na hiyo ndiyo inayopanda kutoka kwa kiumbe mdogo hadi samaki mkubwa. Ndiyo maana papa, nduaro na jodari hubeba nyingi kuliko dagaa na vibua. Inayemdhuru zaidi ni mtoto aliye tumboni, ubongo wake ukiwa bado unajengwa. Sisemi watu wa Tanga waache samaki, hasha. Nasema daktari asiyejua moshi wake unakwenda wapi asijiite rafiki wa mazingira.

Sasa kipimo, maana sipendi kutisha watu bure. Zebaki nyingi inayopotea Tanzania haitoki kwenye viti vya meno. Inatoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita, Chunya na kwingineko. Kuna siku nimejiuliza kama napigania tone huku ndoo inavuja upande mwingine. Jibu langu ni kwamba mchimbaji anashika zebaki kwa sababu hajapewa njia nyingine ya kupata mkate wake. Mimi nimesomeshwa, nina kabati, nina chupa. Sina kisingizio.

Na mkataba upo. Mkataba wa Minamata ulipitishwa Japani mwaka 2013, ukaanza kutumika 2017, na Tanzania iliuridhia 2020. Marekebisho ya 2022 yanataka daktari asichanganye zebaki ya maji kwa mkono, atumie kapsuli zilizofungwa, na asiwawekee amalgamu watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale inapolazimu kitabibu. Mwaka 2025 nchi wanachama zilikubaliana amalgamu iishe kabisa ifikapo 2034. Kwa hiyo tutakuwa na mabaki yake mikononi kwa miaka mingi, na meno yenye amalgamu tutayang'oa muda mrefu baada ya 2034.

Jino lililozibwa kwa amalgamu likishang'olewa huwa linatupwa na taka za viungo, na hizo huchomwa. Usilitupe huko. Wala usiliweke kwenye otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wa moto. Vijana wa mafunzo hupenda kukusanya meno ya kufanyia mazoezi, wakayapitisha kwenye nyuzi 121 au 134, wakafungua mlango wa mashine na kuvuta mvuke wa zebaki. Jino la namna hiyo liloweke kwenye formalini, dawa ya maji ya kuua vijidudu, ya asilimia 10 kwa wiki mbili, litakuwa salama kwa mazoezi.

Sehemu inayonikosesha uvumilivu ni klorini.

Kila jioni, kliniki nyingi humimina maji ya klorini kwenye sakshen, ile mashine ya kunyonya mate, na kwenye karai la kutemea, na msimamizi hupita, akasikia harufu, akaridhika. Tumefundishwa hivyo, asilimia 0.5 kwa kutakasa, na mafunzo hayo yameokoa maisha ya watu. Lakini mle ndani ya bomba la sakshen kuna chembe za amalgamu tulizochimba asubuhi. Zikikaa zenyewe ni nzito, hazina haraka, chujio linazishika. Ukizimwagia klorini, zebaki iliyomo hung'olewa, ikayeyuka majini na kupita chujio kana kwamba halipo. Hata ukinunua kitenganishi cha amalgamu kinachofikia kiwango cha kimataifa, kile cha kunasa angalau asilimia 95, klorini inaweza kukupokonya faida yake. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2017 iliyolazimisha kliniki kufunga vitenganishi inakataza pia kusafisha mabomba kwa klorini na dawa nyingine za jamii hiyo, na inataka sabuni isiyo kali, yenye pH (kipimo cha uasidi) kati ya 6 na 8. Watu hunakili sehemu ya kununua mashine, wakaacha sehemu ya kubadilisha sabuni, ambayo ndiyo rahisi.

Si rahisi kwa kila mtu, nakubali. Sabuni hizo ni ghali, na si kila duka la vifaa tiba la hapa mjini linaziweka. Akiinuka kitini mgonjwa mwenye homa ya ini, siwezi kumwambia muuguzi wangu aiogope klorini. Tunachofanya ni kutenganisha: klorini kwa meza, sakafu na sehemu zinazofutika kwa kitambaa, sakshen inavuta maji safi mengi kwanza, halafu sabuni isiyo kali. Sijaridhika kabisa na utaratibu huu. Mtaalamu wa kuzuia maambukizi na mtaalamu wa mazingira kila mmoja ana haki yake, na mimi nimesimama katikati nikiwa na chupa mbili mkononi.

Chujio la kitini lina kosa lake. Likijaa, msaidizi hulikung'uta kwenye sinki na kulisuuza. Kila kilichonaswa kinaenda kwenye shimo la majitaka, na shimo likijaa gari linakuja kunyonya na kwenda kumwaga. Chujio lile halisuuzwi. Linatolewa lilivyo na kuingizwa kwenye chupa pana ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, pamoja na makapsuli yaliyotumika na amalgamu iliyobaki. Andika juu yake "Mabaki ya amalgamu, yana zebaki", weka mbali na jua na mbali na otoklevu. Mkandarasi wa taka akija, mtake aonyeshe kibali cha mamlaka ya mazingira kinachotaja zebaki na aeleze kwa maandishi anakoipeleka. Akishindwa, chupa inabaki kabatini. Najua kuweka sumu kabatini si suluhisho. Ni kuchelewesha, na kliniki ikihama au daktari akifariki, chupa ile itamwangukia asiyejua ni nini. Hadi sasa sijaona njia bora zaidi kwa kliniki ndogo ya mkoani.

Wagonjwa nao wana upande wao wa imani hii. Bi mkubwa mmoja wa Chumbageni alikaa kitini akaniambia, "Mwanangu, nitolee haya meusi yote, nimesikia yana sumu na yanaharibu dunia." Nikamwambia, "Shikamoo tena, mama, na samahani, sitayagusa." Yalikuwa mazima, hayana ufa, hayavuji. Kuyachimba kungetoa mvuke na vumbi la zebaki zaidi kwa siku moja kuliko yatakavyotoa yakikaa kimya kinywani mwake kwa miaka. Jino zuri lililozibwa zamani liache. Daktari anayekushawishi utoe yote kwa ajili ya mazingira anakudhuru, na mazingira anayadhuru vilevile.

Mengine nayapitia haraka. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, watu hudhani tatizo letu ni vikombe vya plastiki na bibu. Yapo, lakini ni madogo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kama asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni taka za kawaida tu; tukizichanganya kwenye ndoo ya taka hatarishi, tunapoteza mafuta bure kuchoma makaratasi na maboksi, na plastiki zenye klorini zikiungua kwa moto hafifu hutoa sumu ziitwazo dioksini. Kutenganisha taka hakugharimu kitu. Kipande cha risasi kilicho ndani ya pakiti ya filamu ya eksirei kisiingie motoni. Otoklevu ijazwe ndipo iwashwe. Kompresa izimwe mchana ukienda kuswali au kula.

Kuna jambo moja wanaopenda kuzungumzia miswaki ya mianzi hawaligusi kabisa, nalo ni safari. Huduma za meno za umma za England zilipopimwa kwa takwimu za 2013/14, zilionekana kutoa sawa na tani 675,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na karibu theluthi mbili ni safari za wagonjwa na watumishi. Huwezi kuinakili hesabu hiyo Tanga, ambako watu huja kwa daladala na bajaji, si kila mtu na gari lake. Lakini mama anayetoka Mkinga mara tatu, leo kuonwa, kesho eksirei, wiki ijayo kuziba, amemaliza nauli, amekosa shamba, na mara nyingi safari ya tatu haji. Anarudi mwaka ujao jino limeoza la kung'oa. Kumaliza kazi zote siku moja ni wema kwake kwanza. Nafuu ya mafuta ni nyongeza.

Safari bora zaidi ni ile isiyohitajika, na hapo tunarudi kwenye dawa ya meno yenye madini ya floraidi, mara mbili kwa siku, na sukari ya chai. Kila mtu analijua hilo, silirudii.

Ninachotamani kijulikane zaidi ni mbinu ya kuziba meno bila mashine, inayoitwa ART. Ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, halafu ikaenea duniani. Unaondoa sehemu laini ya jino lililooza kwa vifaa vya mkono, unaziba kwa glasi ionoma, aina ya saruji ya meno, basi. Hakuna drili, hakuna kompresa, hakuna sakshen, mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Unaweza kuifanya darasani Pangani au Mkinga bila TANESCO na bila jenereta. Shirika la Afya Duniani liliingiza glasi ionoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Bado nakutana na madaktari wanaoiita tiba ya maskini.

Mashaka yangu ni haya. Kwa tundu dogo la juu ya gego, hasa la mtoto, ART inakaa vizuri na naiamini. Kwa tundu kubwa linalopita kati ya magego mawili ya mtu mzima, inavunjika mapema kuliko amalgamu. Kompositi, ile ya kuzibia yenye rangi ya jino, nayo inataka sehemu kavu, taa na umeme, na ukiichimba vumbi lake la resini linaingia kwenye bomba lilelile. Atakayeniambia kompositi ni safi kwa sababu tu haina zebaki hajafikiria mwisho wake. Kwa magego hayo naziba kwa glasi ionoma nzito, nampa mgonjwa miadi ya miezi sita, na kipande kikivunjika nakijazia juu yake bila kuchimba yote upya.