Unga laini peke yake hautoi kauri imara

Nimeulizwa tena: "Ukishapata unga wa kauri wenye chembe za nanomita 20 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), si unauchoma tu, basi?" Hapana. Swali hili limenichosha, na limeshaharibu unga mwingi wa bei kubwa.

Upande wa leza, yaani namna unga huo unavyotengenezwa, naupitia haraka. Kuelekea miaka ya 1980, kule MIT nchini Marekani, John Haggerty, Roger Cannon na wenzao walipitisha silani, gesi ya silikoni na hidrojeni, kwenye mwali wa leza ya kaboni dioksidi. Silani hufyonza sana mwanga wa mikromita 10.6. Ukiichanganya na amonia unapata unga wa kauri ya nitridi ya silikoni; na ethilini, wa kabidi ya silikoni. Gesi haigusi ukuta wa moto, na hupoa mara moja, hivyo chembe hutoka safi, za mviringo, zinazolingana. Hapo sina ubishi.

Ubishi uko kwenye kuchoma. Watu hushikilia kanuni ya mwanafizikia Conyers Herring ya 1950: punguza kipenyo cha chembe kwa nusu, muda wa chembe kushikamana tanurini unashuka hadi sehemu moja ya 8, au ya 16 atomi zikipita mipakani mwa punje, yaani fuwele ndogo zinazounda kauri. Sawa, lakini kanuni hiyo inadai unga wa vipenyo vyote viwili uwe umepangika vilevile! Wa nanomita 20 haukubali kupangika. Ukiubana kwenye kalibu unafanya madonge. Tanurini kila donge linajivuta lenyewe na kujitenga na jirani yake, na katikati linabaki tundu kubwa kuliko chembe yoyote. Ongeza moto, tundu halizibi. Punje ndizo zinazonenepa. Ukikitazama kipande hicho kwa hadubini ya elektroni, ndani ya donge kauri imeziba kabisa, na ukingoni kuna ufa uliopinda kama mwezi mwandamo.

Halafu hewa. Gramu moja ya unga huo ina uso wa mita za mraba 90 hivi, na oksijeni huuvamia. Kwenye kabidi, silika (oksidi ya silikoni) inayozaliwa hula kaboni uliyoitia pamoja na boroni ili kusaidia chembe zishikamane. Kwenye nitridi, silika kidogo inatakiwa, maana huyeyuka pamoja na itria na alumina (oksidi za itriamu na alumini zinazotiwa kwenye unga) na kuzivuta chembe.

Na ule mchoro wa vitabuni wa kueleza kushikamana, tufe mbili zinazoota shingo pale zinapogusana? Kwa unga halisi wa madonge, hesabu zinazotokana nao naziamini nusunusu.

Kwa hiyo ukiniletea unga, usianze na kipenyo. Niambie ukibanwa unafikia asilimia ngapi ya msongamano kamili, na una oksijeni kiasi gani. Wa nanomita 200 uliopangika vizuri nitauchukua kabla ya huo wako wa 20.