Nembo ya Jambia Kwenye Saa za Kale za Mbizi: Mambo Ambayo Mmiliki Anapaswa Kuyafahamu

Idara yetu ya ukaguzi wa saa za kale imelazimika kutoa ufafanuzi huu kufuatia kuongezeka kwa malalamiko ya watu walionunua, au waliotaka kuuza, saa za mbizi za Rolex zenye nembo ya Oman usoni, yaani jambia juu ya panga mbili zilizopishana. Walalamikaji wengi wana jamaa Muscat, Unguja na Mombasa, jambo ambalo halishangazi, kwa kuwa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka tarehe 23 Julai 1970 Waomani wengi waliokuwa Zanzibar walirejea na kuingia katika utumishi wa serikali. Saa hizo ziliagizwa kweli na utawala wa Oman, nyingine kupitia duka la Asprey la London, na nembo iliwekwa kwenye aina mbili za saa za mbizi za Rolex: Submariner, na pia Sea-Dweller yenye namba ya modeli 1665. Kwa hiyo habari ambayo wenye saa hutusimulia, ya babu aliyetunukiwa saa, inawezekana kabisa, na idara haimwiti mtu yeyote mwongo. Tunachokikataa ni kugeuza habari hiyo kuwa ushahidi.

Swali ambalo wananchi hutuuliza, "je, uso huu ni halisi?", halitoshi. Uso unaweza kuwa umetoka kiwandani pamoja na saa. Unaweza kuwa wa kiwanda lakini uliwekwa miaka mingi baadaye wakati wa matengenezo. Unaweza kuwa wa kiwanda ambao mkono mwingine umeuongezea kitu. Na unaweza kuwa bandia mtupu. Aina hii ya mwisho hugundulika haraka na haitusumbui sana. Inayosumbua ni ile ya tatu, ambapo mtu huchukua uso wa kawaida wa Submariner 1680, usio na tatizo lolote, kisha akapiga chapa ya jambia juu yake. Mnunuzi akiukagua kwa lenzi ataona kila herufi iko sawa, na ni kweli iko sawa, kwa sababu herufi hazikuguswa. Kinachopaswa kuchunguzwa ni nembo yenyewe: kama wino wake umezeeka kwa kiasi kilekile na maandishi mengine, na kama umefunika mkwaruzo au doa ambalo lilikuwepo kabla yake. Wino uliopita juu ya uchakavu umepigwa baada ya uchakavu huo, na hakuna barua ya familia inayoweza kubadili mpangilio huo.

Rangi ing'aayo gizani nayo hutoa ushahidi ambao wengi huusoma kinyume. Nyuso za Submariner za miaka ya 1970 zilipakwa rangi yenye tritiamu, kemikali yenye mionzi inayoifanya rangi ing'ae, ndiyo maana chini kabisa ya uso huandikwa "T SWISS T" au "SWISS – T<25". Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo katika saa ya mwaka 1974 imebaki takriban sehemu moja ya kumi na sita. Tumeletewa saa zinazong'aa usiku kucha, wenyewe wakijivunia mng'ao huo kama dalili ya ubora wa zamani. Ni dalili kwamba rangi imepakwa upya, au kwamba uso wenyewe ni wa baadaye. Saa za kabla ya miaka ya 1960 zilitumia radiamu, kemikali yenye mionzi hatari ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu baada ya takriban miaka 1,600. Hizo zisifunguliwe nyumbani wala kukwanguliwa kwa namna yoyote.

Linganisha na saa ambazo Rolex iliwapa wapiga mbizi wa kampuni ya Comex ya Marseille, au zile zilizotolewa kwa jeshi la wanamaji la Uingereza katika miaka ya 1970. Hizo za Waingereza zina herufi T ndani ya duara usoni, vyuma vya kushikia mkanda visivyotoka, na namba 0552/923-7697 nyuma, hivyo uso unaweza kupimwa dhidi ya kasha. Jambia halidai namba yoyote nyuma. Isitoshe, Rolex haitoi kwa umma dondoo za kumbukumbu zake, yaani karatasi za kiwanda zinazoeleza saa ilivyotengenezwa, kama kampuni ya saa ya Omega ilivyowahi kufanya. Na dondoo nazo zisiabudiwe: saa ya Omega Speedmaster iliyokuwa na dondoo kama hiyo na kuuzwa mnadani Geneva mwezi Novemba 2021 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi ilikuja kutangazwa na Omega yenyewe, mwaka 2023, kuwa imeunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali.

Kwa sababu hizo idara haitoi maoni kwa picha za simu, hata zikitumwa mara tatu. Mwenye saa hufika mwenyewe na kitambulisho, hujaza fomu ya mapokezi nakala mbili, na husaini ridhaa ya kufunguliwa kwa saa. Bila ridhaa hiyo saa hurudishwa siku hiyohiyo. Mkanda huondolewa mbele yake ili zisomwe namba mbili zilizofichwa kati ya pembe za kasha, ile ya modeli upande wa juu, penye 12, na ile ya mfululizo upande wa chini, penye 6. Baadaye uso hutolewa ili mgongo wake, miguu yake (vijiti vidogo vinavyoushikilia) na chapa ya mtengenezaji vikaguliwe na kupigwa picha. Ripoti hutumia maneno "inaendana", "haiendani" au "haikuamulika". Neno "halisi" hatuliandiki, na kulibishania kaunta hakutasaidia.

Wauzaji wakumbuke pia sheria. Nchini Kenya, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008 inaweka kwa kosa la kwanza kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya kila bidhaa husika, au vyote viwili. Kwa kosa la kurudia, kifungo kisichozidi miaka 15 au faini isiyopungua mara 5 ya bei hiyo, au vyote viwili. Uswisi, ambako wengi hupeleka saa mnadani, forodha imeruhusiwa tangu tarehe 1 Julai 2008 kukamata bidhaa bandia hata zikiwa za matumizi binafsi. Iwapo uso uliopigwa nembo baadaye unaangukia chini ya sheria hizo ni suala la mamlaka husika na mahakama, na ripoti yetu isiwasilishwe forodhani kama kibali cha kupitisha saa.