Ukisema una bakapu, nitakuuliza iko wapi

Kazi yangu ni kurudisha data, mtu anakuja na laptopu imekufa au hadidiski imedondoka, mi nauliza kwanza kopi nyingine iko wapi, na wengi wanajibu "ipo Drive". Tunaingia Drive pamoja, faili hakuna, kumbe alilifuta mwenyewe miezi miwili nyuma akitafuta nafasi kwenye laptopu.

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Google Drive au OneDrive ikishakaa kwenye kompyuta inasinki, maana yake ukifuta huku na kule linafutika, na vile virusi vinavyofunga mafaili vikadai hela vikiingia, basi mafaili yanapanda mtandaoni yakiwa yameshafungwa. Kwenye Drive kitu ulichofuta kinakaa kwenye tupio siku 30 alafu kinaondoka moja kwa moja. Sisemi usitumie, tumia, laptopu ikiibiwa itakuokoa, ila isiwe ndo kopi pekee. Na zile GB 15 za bure zinagawanywa na Gmail na picha zako, zinajaa haraka.

Kopi ya pili iwe hadidiski ya nje ambayo unaichomoa ukimaliza. Naomba usiiache imechomekwa wiki nzima, virusi vikija vinaila pamoja na kompyuta, na umeme ukileta fujo vyote viwili vinapigwa siku moja. Kopi nyingine ikae nyumba tofauti, hata kwa dada yako, kwasababu mwizi akiingia hachagui, anabeba laptopu na begi lenye diski humohumo. Mafundi tunaiita 3-2-1: kopi tatu, vifaa vya aina mbili, moja iwe mbali.

Flashi sasa. Jamani hizi flashi za "2TB" zinazouzwa bei ya chipsi kuku, nyingi ndani yake kuna GB chache tu, ila chipu imechezewa iidanganye kompyuta. Unakopi vizuri, hakuna kinacholalamika, nafasi ya kweli ikiisha inaanza kuandika juu ya vya zamani au inatupa tu. Majina ya picha unayaona yote yamejipanga na saizi zake, ukibonyeza nyingi hazifunguki, na hapo mi sina cha kurudisha maana hiyo data imeandikwa juu yake au haikuwahi kuandikwa popote. Ukinunua flashi au memori kadi ipime kwanza ikiwa tupu, Windows kuna programu ya H2testw na Linux kuna F3, zote bure, zinaijaza mpaka mwisho alafu zinasoma upya kila kitu. Inachukua muda, iache usiku.

Alafu jaribu kurudisha. Hata wakubwa wanajisahau, GitLab, kampuni inayotunza kodi za watengeneza programu mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017 walifuta kimakosa data kwenye seva isiyo yenyewe, wakaenda kwenye bakapu wakakuta haina kitu, programu ya kuchukua bakapu ilikuwa toleo lisiloendana na databesi yao na barua pepe za kusema "bakapu imefeli" zilikuwa zinakataliwa njiani, kwahiyo hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni kopi ambayo mfanyakazi aliichukua kwa mkono kama masaa sita kabla. Wewe chagua faili moja kila mwezi, lile la muhimu kabisa, lifungue kutoka kwenye diski ya bakapu ukiwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Lifungue kweli, usiishie kuangalia jina.

Na kitu kimoja wenye Windows 11 hawakijui: laptopu nyingi mpya zinajifunga zenyewe kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows linalofanya data ya diski isisomeke bila ufunguo, ukiingia na akaunti ya Microsoft. Ubao mkuu wa laptopu (motherboard) ukiungua tukatoa diski, inadai namba ya tarakimu 48, bila hiyo hakuna fundi atakayeifungua, mimi nikiwemo. Ipo kwenye hiyo akaunti yako, ingia leo uiandike kwenye karatasi, na hiyo karatasi usiiweke kwenye begi la laptopu.