Chamonix: chagua mteremko kwanza, nyumba baadaye

Mtu akiniletea mpango wake wa likizo ya skii, yaani kuteleza kwenye theluji, huko Chamonix, mji wa Ufaransa chini ya mlima Mont Blanc, kitu cha kwanza ninachotazama ni anwani ya nyumba. Mara nyingi imeshalipiwa, tena katikati ya mji, maana zile barabara zenye mikahawa na Mont Blanc kwa nyuma zinavutia kweli. Lakini ukiacha viwanja vidogo vya wanaoanza, mjini hakutelezwi. Maeneo makubwa ya skii yametawanyika bondeni, kuanzia Les Houches hadi Le Tour na Vallorcine karibu na mpaka wa Uswisi. Kati ya hayo, Brévent na Flégère zimeunganishwa kwa kebo, yaani chumba kinachoning'inia kwenye nyaya. Kwingine kote, kutoka eneo moja hadi jingine ni basi, treni au gari. Ukipanga vibaya, kila asubuhi utakuwa kituoni umevaa buti ngumu, skii zako begani, na za mtoto juu yake.

Kwa hiyo nawaomba wateja wangu wajue kwanza mlima unatazama wapi. Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatuna mazoea ya kuuliza hivyo, kwa sababu jua letu la mchana hupita karibu na utosi. Chamonix mwishoni mwa Desemba jua hukaa upande wa kusini kutwa nzima, na saa sita mchana huwa limepanda digrii 20 hivi tu juu ya upeo wa macho. Upande mmoja wa bonde huota jua, wa pili hubaki kivulini.

Brévent na Flégère zinatazama kusini. Kuna mwanga, kuna joto kidogo, na Mont Blanc yote iko mbele yako. Ila mwezi Machi theluji ya huko huyeyuka mchana na kuganda usiku: ukifika saa mbili asubuhi unakuta ngumu inayokwaruza chini ya skii, kuanzia saa nne inalainika vizuri, na alasiri inakuwa nzito kama uji. Grands Montets, juu ya kijiji cha Argentière, inatazama kaskazini. Kuna baridi kali, lakini theluji hubaki kavu muda mrefu, na miteremko yake ni ya wanaojua. Wenye uzoefu ndio ninaowalaza Argentière.

Kwa familia inayoanza, chaguo langu ni La Vormaine, pale Le Tour. Ni uwanja mpana, mteremko wake mpole, na uko juu kuliko mji, kwa hiyo theluji yake ni ya kutegemewa zaidi. Brévent siwashauri siku za mwanzo: njia za kuteremka hadi bondeni ni ngumu, na wengi hurudi kwa kebo. Jambo moja kuhusu Le Tour: theluji ikianguka nyingi, barabara hufungwa. Tarehe 9 Februari 1999 maporomoko ya theluji yaliangukia Montroc, kitongoji cha jirani, yakaua watu 12 majumbani mwao. Ukiambiwa barabara imefungwa, usibishane na mtu. Kaa ndani, wapikie watoto.

Mvua ikinyesha mjini usikate tamaa mapema. Mji uko mita 1,035 juu ya bahari, na hewa hupoa kwa takriban digrii 6 kila unapopanda mita 1,000. Digrii 4 na mvua mjini inaweza kuwa theluji safi kwenye mita 2,000. Mawingu yakishuka hata usione mbele, nenda Les Houches, kwa sababu njia zake nyingi hupita msituni, na miti hukuonyesha mteremko unapoelekea.

Kuhusu tarehe, kimbia likizo za shule za Ufaransa. Nchi imegawanywa kanda tatu, kila moja na wiki mbili zake, na zote pamoja hujaza wiki nne kati ya Februari na mwanzoni mwa Machi. Januari, sikukuu zikishapita, bei hushuka na foleni hupungua.

Nguo za theluji unaweza kuazima kwa ndugu. Buti kodi hukohuko, na usione haya kumsumbua wa dukani. Vaa soksi moja tu, ndefu na nyembamba. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti viachie, na kisigino kisinyanyuke. Buti inayobana mahali pamoja dukani itakutoa machozi kufikia jioni.

Asiyeteleza naye ana siku yake. Kebo ya Aiguille du Midi, iliyofunguliwa mwaka 1955, hukupandisha hadi mita 3,777 kwa dakika 20 hivi. Hapo ni juu kuliko Horombo ya Kilimanjaro, mahali ambapo wapandaji hufika siku ya pili. Tembea taratibu, keti ukisikia kizunguzungu, na usimpeleke mtoto mchanga. Huko ndiko inakoanzia Vallée Blanche, safari ya kilomita 20 hivi juu ya barafu yenye nyufa zilizofunikwa na theluji. Usiteremke bila kiongozi wa milima mwenye leseni, hata uwe hodari namna gani.

Mwisho ni karatasi. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Schengen hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza. Bima ya viza lazima ifikie euro 30,000, lakini kiasi hicho hakimaanishi kwamba skii imo. Soma mkataba utafute mambo mawili: ajali ya skii na gharama za uokoaji, kwa sababu Ufaransa kuteremshwa na waokoaji kutoka njia za skii hulipiwa, na ankara huja kwa jina lako.