Fizi Zikitoka Damu, Mswaki Usiuweke Kando

“Fizi zikitoka damu, acha kwanza kupiga mswaki mpaka zipone.”

Kati ya imani potofu nyingi kuhusu fizi, naanza na hii kwa sababu nimeiona nyumbani. Mama mkubwa alikuwa akitema mate yenye damu kila asubuhi, akaamua upande wa kushoto asiuguse tena. Baada ya miezi, upande ule aliouhurumia ndio uliovimba na kuwa mwekundu kama nyanya, na meno mawili yakaanza kucheza.

Damu ile haiji kwa kuwa mswaki umechubua. Pale jino linapokutana na ufizi hujengeka utando laini wa bakteria. Usipoondolewa, ufizi huvimba na kujaa damu, ukiguswa kidogo tu unatoa. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake nchini Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Walipoanza kusafisha tena, zilipona kwa muda wa kama wiki moja.

Kwa hiyo damu inakuita upige mswaki, tena hapohapo inapotoka. Tumia mswaki laini, uinamishe kuelekea kwenye ufizi, nenda taratibu kwa dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Wiki mbili zikipita na damu bado ipo, muone daktari wa meno. Mswaki wa mti nao unafaa kabisa, ilimradi utafune ncha mpaka nyuzi zilainike na ufike hadi upande wa ndani wa meno ya nyuma.

“Haziumi, basi ni nzima.”

Ugonjwa wa fizi huenda kimya. Ukiwa bado ni uvimbe tu, unapona kabisa. Ukishashuka chini, unakula mfupa unaoshika meno, na mfupa huo haujirudishi wenyewe. Wavuta sigara wawe macho zaidi: tumbaku hubana mishipa ya damu, hivyo fizi zinaweza zisitoe damu huku mfupa ukizidi kuliwa.

“Ukikwanguliwa ugaga, meno yanalegea.”

Ugaga ni ule utando uliokaa hadi ukawa mgumu kama jiwe. Maji ya chumvi hutuliza fizi, lakini hayautoi. Mkaa unaweza kulikwangua jino lenyewe. Jino linalocheza baada ya kukwanguliwa lilikuwa limeshalegea, ila ugaga ulikuwa umelishika kama saruji. Maji baridi yanaweza kukuchoma siku chache, kisha yanaacha.

“Mimba inakula meno ya mama.”

Mtoto hachukui madini kwenye meno. Homoni za ujauzito ndizo zinazofanya fizi zivimbe upesi, na kutibiwa fizi wakati huo ni salama.

Kuhusu mama mkubwa, daktari alipoona fizi zile alimuuliza kama amewahi kupima sukari. Kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zinazougua nazo hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Hakuwahi kupima. Alipimwa siku hiyohiyo, ikakutwa iko juu. Leo anameza dawa zake, na upande wa kushoto anaupigia mswaki kwanza. Jino moja liling’olewa. La pili bado analo.