Bingwa wa Taifa Hana Tiketi Mkononi: Dhana Potofu Kuhusu Kufuzu Mashindano ya Kuteleza kwenye Barafu

Kila mashindano ya taifa yanapomalizika, wazazi na watelezaji wenyewe hunijia na lalamiko lile lile, kwamba fulani ameibiwa nafasi yake. Ameshinda, au ameshika nafasi ya pili, na jina lake halimo katika orodha ya wanaokwenda Mashindano ya Dunia. Kwa hiyo, wanasema, kuna mkono wa mtu. Mara nyingi hakuna mkono wa mtu. Kuna kanuni zilizoandikwa, zilizo wazi kwa yeyote anayezitaka, ambazo mlalamikaji hakuzifungua hata mara moja kabla ya msimu kuanza.

Dhana: Bingwa wa taifa hufuzu Mashindano ya Dunia moja kwa moja.

Nafasi si mali ya mtelezaji. Ni mali ya shirikisho la nchi yake. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISU, humpa kila mwanachama haki ya kupeleka mshiriki mmoja katika kila kitengo, yaani wanaume, wanawake, jozi na dansi, hizi mbili za mwisho zikiwa za watelezaji wawili wawili. Nafasi ya pili na ya tatu hutafutwa, tena hutafutwa mwaka mzima kabla, na hakuna nchi inayopata zaidi ya tatu hata iwe na mabingwa wengi kiasi gani.

Hesabu yake ni nyepesi, na ndiyo maana nakosa subira ninapoona watu wazima wakiikwepa. Nchi iliyopeleka washiriki wawili au watatu hujumlishiwa nafasi walizoshika wawili wake bora. Jumla ikiwa 13 au pungufu, nchi hiyo itapeleka watatu mwaka unaofuata. Ikiwa kati ya 14 na 28, itapeleka wawili. Ikizidi hapo, itabaki na mmoja. Nchi iliyopeleka mmoja tu hupata nafasi tatu iwapo huyo atamaliza wa kwanza au wa pili, na nafasi mbili iwapo atamaliza kati ya wa tatu na wa kumi.

Chukua mfano wa Mmarekani Ashley Wagner, ambaye alionja kanuni hizi kwa pande zote. Katika Mashindano ya Dunia ya 2009 huko Los Angeles, ambayo matokeo yake yaligawa pia nafasi za Olimpiki ya mwaka uliofuata, Rachael Flatt alikuwa wa tano na Alissa Czisny wa kumi na moja. Jumla ikawa 16, na Marekani ikaenda Olimpiki ya Vancouver 2010 ikiwa na wanawake wawili badala ya watatu. Wagner, aliyeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya taifa ya 2010, alibaki nyumbani kwa sababu ya matokeo ambayo yeye hakuhusika nayo hata kidogo. Mwaka 2013 alimaliza wa tano duniani, Gracie Gold akawa wa sita, jumla 11, na Marekani ikarudishiwa nafasi zake tatu. Halafu katika mashindano ya taifa ya 2014 Wagner alishika nafasi ya nne, nyuma ya Mirai Nagasu aliyekuwa wa tatu, na shirikisho likamteua Wagner kwenda Olimpiki ya Sochi. Watu walikasirika sana. Lakini vigezo vya uteuzi vilikuwa vimeandikwa mapema, na vilisema kwamba kamati itaangalia pia matokeo ya mashindano mengine makubwa, si ya wiki ile peke yake.

Kila shirikisho hujiwekea vigezo vyake. Lipo linalompa bingwa wake nafasi ya kwanza bila mjadala, na lipo linalopima msimu mzima. Yuzuru Hanyu aliumia kifundo cha mguu Novemba 2017, akakosa kabisa mashindano ya taifa ya Japani, akateuliwa hata hivyo, na Februari 2018 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki huko PyeongChang. Unaweza kuupinga uteuzi fulani, nami nimewahi kuupinga zaidi ya mmoja, lakini huwezi kuupinga kwa haki kama hujasoma vigezo vilivyotumika.

Hapo tumemaliza lango la kwanza tu. La pili ndilo linalowaangusha wengi kimyakimya: kiwango cha chini cha alama za ufundi. Mtelezaji anayetaka kuingia Mashindano ya Dunia lazima awe amefikisha kiwango hicho katika programu fupi (ile ya kwanza) na katika programu huru (ile ndefu ya pili), kila moja kivyake, ndani ya mashindano ya kimataifa yanayotambuliwa na ISU, katika msimu unaoendelea au uliotangulia. Si lazima afikishe yote mawili katika shindano moja. Kinachohesabiwa ni alama za miruko, mizunguko na hatua. Alama za uwasilishaji, hata ziwe za kupendeza namna gani, hazisaidii hapa. Wala alama za mashindano ya taifa hazihesabiwi, na hili nimelirudia mpaka nimechoka. Waamuzi wa nyumbani wakikupa alama za kuvunja rekodi, kwa ISU ni kama hukuteleza.

Anayedhani kwamba wakubwa husamehewa amtazame Kim Yuna. Alikuwa bingwa wa dunia wa 2009 na bingwa wa Olimpiki wa 2010. Baada ya kupumzika msimu mzima, alijikuta hana alama halali za kumwingiza Mashindano ya Dunia ya 2013. Hakuna aliyempa barua ya kumpitisha. Desemba 2012 alisafiri hadi Dortmund, Ujerumani, akashiriki NRW Trophy, shindano dogo ambalo bingwa wa Olimpiki asingetarajiwa kuonekana, ili apate tu alama hizo. Kisha akarudi nyumbani akashinda mashindano ya taifa, kwa sababu Korea Kusini ilikuwa na nafasi moja tu ya wanawake. Machi 2013 akatwaa ubingwa wa dunia huko London, Ontario, na kwa kuwa alikuwa peke yake na amemaliza wa kwanza, nchi yake ikapata nafasi tatu katika Olimpiki ya Sochi. Wasichana wawili chipukizi wakaenda naye kwa nafasi alizozitafuta yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu haubadiliki, na wanaofundishwa nami wanaujua kwa kichwa: fikisha kiwango cha chini cha alama katika shindano la kwanza la kimataifa la msimu, wala usisubiri mashindano ya taifa yapite. Ukisubiri, utabakiwa na wiki chache za baridi, ukikimbizana na shindano lolote lenye nafasi, mguu ukiuma na programu ikiwa bado mbichi. Na kwa shindano hilo la kwanza, acha mruko usioumudu. Mruko ulioanguka, au uliotua kabla mzunguko haujatimia, hula alama ambazo mruko mwepesi uliotua safi ungekupa. Zaidi ya hapo, fanyia kazi mizunguko ya kujisokota mahali pamoja mpaka ifike daraja la nne, lililo la juu kabisa, kwa kuwa hizo ni alama ambazo hazihitaji ujasiri, zinahitaji mazoezi.

Dhana: Ukifanya vizuri Grand Prix umefuzu Mashindano ya Dunia. Hapana. Grand Prix ni mfululizo wa mialiko, na pointi zake hupeleka sita bora katika kila kitengo kwenye fainali ya mfululizo huohuo. Kamati ya uteuzi inaweza kuyathamini matokeo hayo, lakini hayampi mtu nafasi.

Dhana: Bingwa mtetezi, au bingwa wa dunia wa vijana, ana nafasi yake binafsi. Hana. Bingwa wa vijana huenda hata umri haujamruhusu: tangu msimu wa 2024/25, mashindano ya wakubwa yanamtaka mtelezaji awe ametimiza miaka 17 kabla ya tarehe 1 Julai inayotangulia msimu.

Dhana: Mashindano ya Mabara Manne yana hesabu ileile. Hayana. Katika mashindano hayo, ambayo ni ya nchi zisizo za Ulaya, shirikisho linaweza kupeleka hadi watatu katika kila kitengo bila kuzitafuta nafasi mwaka uliotangulia, ilimradi wamefikisha alama za chini.

Dhana: Olimpiki na Mashindano ya Dunia ni mlango mmoja. Ni milango miwili. Katika jozi na dansi, Mashindano ya Dunia huridhika mmoja wao akiwa raia wa nchi wanayoiwakilisha, ilhali Olimpiki huwataka wote wawili wawe raia. Hata nafasi siku hizi huthibitishwa tofauti. Mwaka 2021 huko Stockholm Karen Chen alikuwa wa nne na Bradie Tennell wa tisa, jumla 13 kamili. Kwa Mashindano ya Dunia ya 2022 hiyo ilitosha kuipa Marekani nafasi tatu za wanawake, lakini kwa Olimpiki ya Beijing nafasi ya tatu ilibidi ikatafutwe tena katika shindano la Nebelhorn Trophy, huko Oberstdorf, Ujerumani, na Alysa Liu akaipata kwa kushinda.

Dhana: Ukishafika, utateleza programu zote mbili. Katika Mashindano ya Dunia, ni 24 bora tu wa programu fupi ya wanaume au wanawake wanaoendelea na programu huru. Anayeishia hapo huhesabiwa pointi 18 katika ile jumla ya nchi yake, wakati aliyeingia programu huru na kumaliza chini kabisa huhesabiwa 16 tu. Ndiyo maana shirikisho lenye nafasi mbili huweza kumteua mtelezaji asiyetetereka na kumwacha mwenye miruko mikubwa anayeanguka kila shindano la pili, hata kama huyo ndiye aliyepigiwa makofi mengi zaidi kwenye mashindano ya taifa.