Sumaku za Mfereji na Ukoko wa Chokaa

Ukoko wa chokaa ni ule utando mweupe, mgumu, unaojijenga ndani ya birika la umeme, kwenye koili ya hita na kwenye vitundu vya shawa. Wapo wanaouza vifaa vya sumaku na vya umeme vya kufunga kwenye bomba, wakidai vinauzuia; hapa tunapima dai hilo. Jina lake la kikemia ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichojenga matumbawe. Lamu matumbawe huchomwa tanuuni ili kupata chokaa ya kupigia lipu. Ukoko wa birikani ni jiwe hilo hilo kabla halijaonja moto wa tanuu.

Maji ya mvua yakizama ardhini hubeba hewa ya ukaa na kuwa na uchachu mdogo, ukatosha kuyeyusha chokaa njiani. Ndiyo sababu maji ya visima vya ardhi ya matumbawe ni magumu: sabuni haitoi povu upesi na birika huota ukoko. Yakipashwa moto, hewa ile hutoka na chokaa hukosa cha kuishikilia, ikaganda. Sukari na chumvi huyeyuka zaidi maji yakiwa moto; chokaa hufanya kinyume. Kwa hiyo hushika pale penye joto kali kuliko pote, yaani juu ya koili, huku bomba la maji baridi likikaa miaka bila kuziba.

Tusichanganye chokaa na chumvi, maana pwani hii maji ya visima vingi yana vyote viwili. Tia tone la siki au ndimu juu ya ukoko. Ukitoa povu, ni chokaa. Ukiyeyuka kwa maji matupu, ni chumvi, na hapo hakuna kifaa cha kuzuia ukoko kitakachokusaidia.

Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Zaidi ya 180 huhesabiwa kuwa maji magumu sana. Chukua maji ya 300 na nyumba inayopasha lita 200 kwa siku: gramu 60 za chokaa hupita kwenye hita kila siku, karibu kilo 22 kwa mwaka. Si zote zinazoganda, lakini hata sehemu ndogo yake huzuia joto lisitoke kwenye koili kuingia majini. Koili hujichoma yenyewe.

Sasa vifaa vyenyewe. Cha sumaku hufungwa nje ya bomba. Cha umeme huzungushiwa waya juu ya bomba na kupitisha mawimbi. Wauzaji hawasemi kwamba chokaa inaondolewa. Wanasema inageuka kuwa chembe ndogo zinazoelea na kupita bila kushika. Dai hili lina hila ndani yake: ukipima ugumu wa maji kabla na baada ya kifaa, kipimo ni kile kile, na muuzaji atakwambia ndivyo ilivyokusudiwa. Haliwezi kukanushwa kwa kupima maji. Lazima upime ukoko.

Na ukoko umepimwa. Wahandisi wa jeshi la Marekani walijaribu vifaa vitatu, viwili vya sumaku na kimoja cha umeme, huko Rock Island, Illinois, wakavilinganisha na bomba lisilo na kifaa chochote. Ripoti yao ya 2001 haikuona faida ya wazi kwa hata kimoja. Ujerumani ina kanuni iitwayo W 512: hita zenye kifaa na zisizo nacho hupashwa maji yale yale, kisha chokaa iliyoganda hupimwa uzito. Kufaulu ni kupunguza angalau asilimia 80. Muuzaji akikujia Malindi na barua za wateja walioridhika, muulize cheti cha jaribio la namna hii. Barua si kipimo.

Ni kweli kwamba baadhi ya majaribio ya maabara yameona sumaku ikibadilisha umbo la chembe, hasa maji yakizungushwa mara nyingi mbele yake. Lakini maji ya nyumbani hupita mara moja tu, kwa sehemu ya sekunde. Bomba likiwa la chuma, nguvu ya sumaku hupita ndani ya chuma chenyewe na kidogo sana hufika majini. Kwa maoni yetu, kutoa maelfu ya shilingi kwa tumaini hilo ni hasara.

Kuna sumaku moja ya kweli inayoleta mkanganyiko. Ulaya, nyumba hupashwa joto kwa maji yanayozunguka katika radieta, yaani mabamba ya chuma ya kutoa joto chumbani, na chujio la sumaku hunasa kutu nyeusi ya chuma. Linafanya kazi, kwa sababu kutu hiyo huvutwa na sumaku. Chokaa haivutwi.

Kinachosaidia kwanza ni joto. Weka hita ya tangi kwenye nyuzi 60: juu ya hapo ukoko huongezeka upesi, na chini ya hapo bakteria wabaya hupata makazi tangini. Pili ni kusafisha kabla ukoko haujanenepa. Birika la lita moja na nusu linataka lita moja ya maji na vijiko viwili vya chakula vya asidi ya sitriki, au siki na maji nusu kwa nusu. Tumia maji ya uvuguvugu, uache nusu saa, usuuze mara mbili. Usichemshe asidi ya sitriki, kwani kwenye joto kali hutengeneza uchafu mwingine mweupe usioyeyuka kwa urahisi. Usithubutu asidi ya betri: ni hatari, na hugeuza uso wa ukoko kuwa jasi isiyoyeyuka kwa urahisi. Wala usichanganye asidi yoyote na Jik, kwa kuwa hutoa klorini yenye sumu.

Hoteli yenye hita nyingi inaweza kuhitaji mtambo wa kulainisha maji, ambao hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu na husafishwa kwa chumvi. Fundi wa mifereji aache mfereji mmoja wa jikoni bila kuunganishwa, kwa maji ya watoto wachanga na wagonjwa waliokatazwa chumvi. Mtambo huo hauondoi chumvi iliyomo katika maji ya kisima.

Kama kifaa tayari umeuziwa, kijaribu mwenyewe. Chukua mabirika mawili mapya ya aina moja, uyapime kwa mizani ya jikoni inayoonyesha hadi gramu moja moja. Moja lijaze maji kutoka kabla ya kifaa, jingine kutoka mfereji ulio baada yake, lita moja na nusu kila mara, uchemshe mara tatu kwa siku kwa siku 30, ukimwaga kila mara bila kusugua. Kisha yakaushe vizuri, uyapime tena. Kwa maji ya 300, karibu gramu 40 za chokaa zitakuwa zimepita katika kila birika, kwa hiyo tofauti ikiwepo, mizani itaionyesha.